Mama lishe, anza na maharage

Wapo wanaoutetea mkaa kwa hoja kwamba Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa duniani. Hoja hiyo ni ya kweli, na ninaamini kabisa Tanzania ina haki ya viwanda, reli na umeme wa uhakika. Lakini hoja hiyo isitufanye tuutetee mkaa. Nauza chakula Dar es Salaam, mkaa naujua, na sijaona biashara iliyokuzwa nao.

Fikiria mkaa unakotoka. Tanuri la udongo la kienyeji hula kati ya kilo 5 na 10 za kuni kutoa kilo moja tu ya mkaa. Kiasi kikubwa cha nguvu ya ule mti huishia palepale porini, moshi wake ukiwa na methani, gesi ambayo, kilo kwa kilo, inapasha joto dunia kuliko hata hewa ya ukaa. Halafu umeme wetu mwingi sasa unatoka Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, linalotegemea maji ya Kilombero na Ruaha Mkuu. Tukiyamaliza mapori yanayolisha mito hiyo, tutakuwa tumejiletea mgao kwa mikono yetu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayepika kwa biashara, usihamishie jiko zima kwenye umeme siku moja. Hamisha kwanza vinavyokaa motoni muda mrefu: maharage, makande, supu ya ng'ombe. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi yatie kwenye jiko la presha la umeme. Kilo moja kwangu haimalizi uniti moja, na uniti ni kama shilingi 350 pamoja na makato. Mkaa wa pesa hiyo hautoshi hata kuwashia jiko. Hakikisha mwenyewe: andika uniti zinazosomeka kwenye mita kabla ya kuwasha, andika tena ukizima, jioni linganisha na ulichotoa kwa muuza mkaa. Hesabu pia muda wa binti anayepepea moto na kusugua masizi.

Chapati na vya kukaanga viachie gesi. Nayo inatoa hewa ya ukaa, lakini haikati mti, na umeme ukikatika mtungi utakuokoa.

Bei ya jiko ndiyo kikwazo. Kikoba kinaweza kukukopesha, ukarejesha kwa ile pesa ya mkaa ya kila siku. Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na ninalitamani sana lengo hilo. Ila kugawa mitungi peke yake hakutoshi: gesi ikiisha na mama hana pesa ya kujaza, kesho yake anarudi kwenye kopo la mkaa. Mikopo ya majiko ya umeme kwa mama lishe ingefika mbali zaidi.

Kabla ya kununua, mwite fundi akague nyaya. Majiko mawili yanavuta kama wati 2,000, na ekstensheni nyembamba huyeyuka. Kila jiko lipate soketi yake ukutani.