Mitetea ya miezi mitano haijataga: usiiuze bado

Dada, umeuliza kama umuuzie mteja wa kitoweo mitetea yako ya kienyeji ya miezi mitano, kwa kuwa haijataga ilhali kuku wa jirani wanataga. Miezi mitano kwa mtetea wa kienyeji ni mapema, kwa hiyo mteja huyo mwambie asubiri. Umejilinganisha na jirani bila kusema kuku wake ni wa aina gani. Kuku wa kisasa wa mayai huanza kwenye wiki ya 18 hadi 20. Wa kienyeji wengi hufika miezi sita au saba, na wakila vibaya hupitiliza.

Waangalie wenyewe. Upanga wa kichwani umekuwa mwekundu? Ukimgusa mgongoni anachuchumaa? Mshike, upapase ile mifupa miwili ya nyonga karibu na njia ya yai: ikiingia vidole viwili au zaidi kati yake, yai haliko mbali. Ikiwa imebanana, bado.

Kinachonitia shaka ni hiyo pumba tupu unayowapa. Yai linahitaji protini na chokaa (yaani madini ya kalsiamu, si chokaa ya kupaka ukuta), na pumba haina vya kutosha. Ongeza dagaa waliosagwa, mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki mbegu zikikamuliwa mafuta) na majani mabichi. Maganda ya konokono yaliyosagwa weka kwenye chombo chake, kila mmoja ale anavyotaka. Chakula kamili cha kutagia wape wakikaribia kutaga, kwani kina chokaa nyingi, nayo ikitolewa mapema huumiza figo. Maji yasikatike. Dawa ya minyoo je, walipata?

Halafu, maadamu wanashinda nje, pekua migombani na nyuma ya kuni. Huenda wameshaanza kutaga huko.