Akaunti moja, watu watatu: msimbo uende kwenye simu ya nani?

Swali: Sisi ni kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam, na tunatumia Google Workspace, huduma ya Google ya barua pepe na kazi za ofisi. Bosi anataka wote tuwekewe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri kisha msimbo. Lakini anwani yetu ya barua pepe ya ankara inatumiwa na watu watatu kwa nenosiri moja. Msimbo uende kwenye simu ya nani? Na simu ikiibiwa?

Jibu: Usiende kwa yeyote kati yao. Akaunti hiyo ivunjwe kwanza. Mkiiacha, mmoja atakuwa anawatumia wenzake misimbo kwa WhatsApp kila asubuhi, na siku mteja akipokea ankara yenye namba ya benki iliyobadilishwa, hamtajua nani aliingia. Hamisheni barua za zamani, kisha anwani hiyo ifanyeni kikundi cha Google Groups, yaani anwani moja inayofikisha barua kwa watu kadhaa. Kikundi hakilipiwi kama akaunti, na kila mmoja atasoma na kujibu akitumia jina lake.

Kwenye mipangilio ya msimamizi, ruhusu njia zote isipokuwa SMS na kupigiwa simu. Hapa nakusihi usilegeze. Tapeli akifanikiwa kuhamishia laini ya mhasibu kwenye kadi yake, meseji zote zinamfuata yeye. Badala yake, programu ya simu ya Google Authenticator hutengeneza msimbo wa tarakimu 6 kila sekunde 30 ndani ya simu yenyewe, hata bando likiisha. Msimbo ukikataliwa ovyo, angalia saa ya simu: iwe inajirekebisha yenyewe, kwa sababu misimbo hiyo hukokotolewa kwa kufuata saa.

Hata hivyo, mtu anaweza kudanganywa akauandika msimbo huo kwenye tovuti feki. Kwa hiyo wewe msimamizi, bosi na mhasibu nunueni funguo za usalama za USB, vifaa vidogo vya kuchomeka badala ya kuandika msimbo, mbili kwa kila mtu. Ufunguo haukubali kufanya kazi kwenye tovuti ya bandia.

Weka tarehe ya kulazimisha, tuseme baada ya wiki mbili, na ukae na kila mfanyakazi hadi ajisajili. Asiyejisajili atafungiwa nje siku hiyo, pengine meli ikiwa imeshatia nanga.

Kuhusu simu kuibiwa: kila mtu achapishe misimbo yake mbadala 10, kila mmoja hutumika mara moja tu, na karatasi zifungiwe kwenye sefu ya ofisi. Asiye nayo, msimamizi anaweza kumtolea mingine. Ndiyo maana wasimamizi wakuu wawe wawili: simu ya kuibiwa inaweza kuwa yako.