"Fervent" si bidii kila mahali

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya tafsiri, wiki hii nimehariri rasimu zenu tatu, na zote tatu zina "matumaini ya bidii". Jamani! Bidii ni ya kulima, ya kusoma, ya kuomba. Penye "fervent hope", Mswahili husema anatumaini kwa moyo wote, basi.

1. Asili yake ni Kilatini, fervere, kuchemka. Mwenzake "ardent" katoka kwenye ardere, kuwaka. Ijueni asili, ila sufuria liacheni jikoni. Mmoja wenu kaandika "shabiki aliyechemka", na mtaani aliyechemka ni aliyeboronga. Huyo ni shabiki wa kindakindaki. Akiwa wa chama cha siasa, tunaye mkereketwa, neno tamu ambalo hamlitumii.

2. Tazameni nomino kabla ya kivumishi. Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 ina "fervent" kwenye Yakobo 5:16, juu ya sala. Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version, pale pale inasema "akiomba kwa bidii". Kwenye 1 Petro 4:8 linaeleza upendo, na kwetu ni "juhudi nyingi katika kupendana". Kwenye 2 Petro 3:10 ni joto lenyewe, la kuunguza. Kivumishi ni kimoja, Kiswahili kimepita njia tatu.

3. Jazba. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hili lilinikuta mimi.

Mwaka wangu wa pili kazini niliitwa kukalimani msibani. Marehemu alikuwa mama aliyehangaikia elimu ya wasichana maisha yake yote. Mgeni akasimama, akamwita "a fervent woman", akanyamaza kunipisha. Sikuwa nimejiandaa. Kichwani likaja neno moja, nikalitamka kwa sauti kubwa: "Alikuwa mwanamke mwenye jazba." Turubai zima likatulia. Mgeni akaendelea, nami nikaendelea, nikijua kabisa nimeharibu na nisijue pa kurekebishia. Baada ya maziko binti mkubwa wa marehemu akanijia, macho mekundu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, mama yetu ulimjua? Mbona hakuwahi kumpandishia mtu sauti?" Nilimwomba radhi, kisha nikawafuata kaka zake, mmoja mmoja. Walinisamehe. Lakini waombolezaji walikuwa wameshatawanyika na neno langu, na hao sikuweza kuwafuata. Ningesema "aliyejitolea kwa moyo wake wote", yule mama angezikwa na sifa yake.

4. Anayepinga au kukanusha kwa nguvu, Waingereza humpa zaidi "vehement". Kwetu huyo anakana katakata.

5. Mkikwama, kigeuzeni kivumishi kuwa kitenzi.

Rasimu nimezirudisha, zina wino mwekundu. Nazisubiri Ijumaa kabla ya saa sita, mteja anazitaka jioni.