Barua kwa mwanangu: wewe ulimsalimuje?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama mtu akishakuona vibaya siku ya kwanza ndiyo basi tena, maana huyo mwenzako mpya kazini, uliyeambiwa mapema kuwa anaringa, anakuitikia kwa mkato tangu mlipoonana.

Kabla sijajibu nikuulize: wewe ulimsalimuje?

Sikusuti. Mwaka 1977 huko Marekani, mwanasaikolojia Mark Snyder na wenzake waliwaonyesha wanaume picha ya mwanamke, kisha kila mmoja akazungumza kwa simu na mwanamke asiyemwona. Picha haikuwa yake; wengine walipewa ya mrembo, wengine ya asiye na mvuto. Wanawake hawakujua lolote kuhusu picha hizo. Baadaye watu wengine wakasikilizishwa sauti za wanawake tu, nao wakawaona waliodhaniwa warembo kuwa wachangamfu zaidi. Na walichangamka kweli, kwa kuwa wa upande wa pili aliwachangamkia. Hapo ndipo ninaposhtuka: dhana ya huyu imetokea kinywani mwa yule.

Nami yalinikuta. Tulipohamia ile nyumba ya zamani niliambiwa jirani hapendi watu. Siku aliyoturudishia ndoo yetu, niliipokea mlangoni, mkono mmoja kwenye kitasa, nikasema asante, nikafunga. Akaondoka kimya. Nikajisemea, "Si niliambiwa!" Tulipishana hivyo miaka miwili, hadi siku moja mvua ilipotubana kibarazani pamoja, akaniambia, "Mimi nilijua ninyi hamtaki wageni." Ndoo nilishaisahau. Yeye alikumbuka hata mkono uliokuwa kwenye kitasa.

Sikufichi, siku ya kwanza ina nguvu, na wenye majivuno wapo, hata uwachekee mwaka mzima. Ila kama huyu ni mmoja wao bado hujui, maana hujazungumza naye ila kwa kujihami. Umeandika mwenyewe kwamba ulimkabidhi faili bila kumtazama, "nisimpe nafasi." Nafasi ya nini, mwanangu?

Kesho muulize jambo la kazi analolijua kuliko wewe, kisha mwache amalize. Uniandikie alivyojibu, hata kama ni kwa mkato.

Mama yako