Mbolea imeongezwa, mavuno yako palepale

Ndugu, umeuliza inakuwaje mkulima anunue mbegu bora na mbolea, kisha avune sawa na yule asiyetumia. Hutokea sana, na mara nyingi kosa si la mbegu. Mbegu chotara, yaani iliyotokana na kuchanganya aina mbili tofauti, ikichelewa kupandwa, au palizi ikichelewa, magugu ndiyo yanayokula mbolea uliyonunua. Na ukirudia kupanda punje ulizovuna kutokana na chotara, kizazi kinachofuata hakina nguvu ileile.

Kinachosahaulika zaidi ni udongo wenyewe. Ukiwa na tindikali kali, tuseme pH (kipimo cha tindikali) chini ya 5.5, fosforasi, kirutubisho kimojawapo cha mbolea, hufungwa na alumini na chuma vilivyomo ardhini. Mizizi haiipati hata ukimwaga mfuko mzima. Hapo chokaa ya kilimo kwanza, ipunguze tindikali, mbolea baadaye. Nakusihi upime udongo kabla ya kununua chochote.

Halafu tutofautishe mavuno na ufanisi. Ufanisi ni kilo ngapi za nafaka unapata kwa kila kilo ya mbolea, au kwa kila siku ya kazi. Nchini Niger kuna wakulima wa uwele wanaoweka takriban gramu 6 za mbolea katika kila shimo wakati wa kupanda, kiasi cha kizibo cha chupa, badala ya kuitawanya shamba zima. Ni kidogo, lakini inafika kwenye mzizi. Mwenye mfuko mmoja tu wa mbolea, ningemwambia aanzie hapo.