Besi wa Naivasha: ndoano, mshipi na chambo

Mwezi huu barua nyingi zinamhusu besi mdomo-mpana, samaki wa Marekani aliyetiwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya wavuvi wa fimbo. Karibu zote zinauliza chambo kipi ni bora. Tutajibu, lakini tunaomba mfuate mpangilio wetu: kwanza mahali samaki alipojificha, halafu mshipi wa kuweza kumtoa hapo, chambo mwisho. Anayeanzia kwenye chambo hununua vingi na kuvua kidogo.

Nina fedha za fimbo moja, rili moja ya kukunjia mshipi, na mshipi wa aina moja tu. Huvua kutoka mashua ya kukodi, pembezoni mwa mafunjo. Ninunue nini?
*W.N., Gilgil*

Nunua fimbo ya futi 6 na nusu hadi 7. Karibu na mpini pameandikwa uzito wa chambo ambacho fimbo imeundwa kurusha. Tafuta inayobeba robo wakia hadi robo tatu ya wakia, yaani gramu 7 hadi 21. Ukiwa dukani, iguse ncha yake darini na uikandamize taratibu: theluthi ya juu ndiyo ipinde, sehemu ya chini ibaki ngumu. Ikipinda yote mpaka mpinini, iache. Itarusha vizuri, lakini haitakuwa na nguvu ya kuchoma ndoano wala ya kumgeuza samaki anayekimbilia kwenye mizizi.

Rili iwe ile inayoning'inia chini ya fimbo, namba 2500 au 3000. Ile ya ngoma inayokaa juu ya fimbo ni nzuri kwa chambo kizito, ila anayeanza nayo atatumia nusu siku kufumua mshipi uliojisokota.

Mshipi, chukua wa kusukwa wa ratili 30, yaani unaohimili uzito huo kabla ya kukatika. Hauvutiki, kwa hiyo samaki akigusa tu unasikia, na unakata majani mabichi ya gugu-maji unapovuta. Una kasoro mbili. Ya kwanza, huteleza kwenye bobini, ile sehemu ya rili inayozungushiwa mshipi: funga kwanza mita 8 hivi za nailoni, kisha unganisha wa kusukwa juu yake. Usipofanya hivyo, mshipi wote utazunguka kwenye bobini samaki mkubwa anapovuta, nawe utadhani breki imeharibika. Ya pili, huonekana sana kwenye maji maangavu. Hapo ongeza kipande cha florokaboni (mshipi usioonekana sana majini) cha ratili 15, urefu wa sentimita 60. Ndani ya magugu usijisumbue, funga moja kwa moja.

Jaza bobini hadi milimita 2 chini ya ukingo. Ikijaa mno mshipi hutoka kwa mafungu, ikipungua urushaji unakuwa mfupi. Breki ya rili uipime kwa mizani ndogo ya mkono: ivute mpaka mshipi uanze kutoka kwenye kilo 2 na nusu hadi 3. Legeza breki kila ukimaliza kuvua, maana vile vipande laini vya ndani vikibanwa wiki nzima hukwama na kuachia kwa kushtuka.

Nimezoea mshipi wa mkono baharini, nikivua changu na tewa. Vifaa hivyo vinafaa Naivasha?
*Msomaji wa Likoni*

Koleo, kisu na wavu wa kupakulia, ndiyo. Mshipi wa milimita 0.60 hapana: chambo cha gramu 10 hakina uzito wa kuuvuta, na umezoea kujikunja kama springi. Ndoano za bahari nazo ni nene. Zinahitaji nguvu nyingi kuzama kwenye mdomo, na huzuia chambo kidogo kutikisika. Vivyo hivyo zile pingu kubwa za kuzuia mshipi usisokotwe. Besi anakamata kinachokwenda kama kiumbe hai, na kila chuma cha ziada mbele ya chambo kinaua mwendo huo.

Tafadhali usilete samaki hai wa kutumia kama chambo kutoka maji mengine. Ziwa hili limekwisha kubadilishwa sana na viumbe vilivyoingizwa.

Ninatumia mnyoo wa mpira. Samaki anagonga, ninavuta, anatoka. Au ninanasa kwenye miti iliyozama. Nimepoteza ndoano 9 kwa siku mbili. Kosa liko wapi?
*J.O., Karagita*

Makosa yanaweza kuwa manne, na tunashuku unayo zaidi ya moja. Tuanze na ufungaji, kwa sababu mtindo wa Texas uliundwa hasa kwa mahali unapovua wewe, kwenye matawi na majani.

Tumia ndoano yenye shingo iliyopinda na tumbo pana. Kwa mnyoo wa sentimita 10 hadi 13, namba 3/0. Kwa mnene wa sentimita 15 na zaidi, 4/0 au 5/0. Risasi, yaani uzito wa kuzamisha chambo, iwe ya umbo la risasi ya bunduki, yenye tundu katikati: gramu 5 hadi 7 ukingoni mwa majani, gramu 10 hadi 14 ndani ya matawi. Kutoboa blanketi nene la gugu-maji kunahitaji gramu 21 au zaidi, mshipi wa ratili 50 na fimbo nzito, kwa hiyo usijaribu na vifaa vyako vya kawaida.

Pitisha mshipi kwenye risasi, ncha yake nyembamba ikielekea kwenye fimbo, kisha funga ndoano. Choma ncha ya ndoano katikati ya kichwa cha mnyoo, iingie nusu sentimita, uitoe ubavuni. Vuta ndoano mpaka kichwa kikae kwenye shingo iliyopinda, kisha igeuze ncha ielekee mwilini mwa mnyoo. Sasa uache mnyoo uning'inie kando ya ndoano uone tumbo la ndoano linafika wapi. Hapo hapo ndipo utakapotoboa. Kunja mnyoo kidogo, pitisha ncha hadi upande wa pili, halafu sukuma mpira mbele ili ncha ijifiche chini ya ngozi tu, unene wa milimita 1 au 2.

Shika mnyoo mbele ya macho. Ukiwa umepinda hata kidogo, fumua urudie. Mnyoo uliopinda huzunguka kama pangaboi, husokota mshipi, na besi hauamini. Hilo ndilo kosa la kwanza. La pili ni tumbo dogo la ndoano: samaki anapofunga mdomo, mpira hukusanyika kwenye tumbo la ndoano na ncha haina pa kutokea. Ukiona mnyoo umerudi umekunjamana na samaki hayupo, ongeza namba ya ndoano.

La tatu ni kuvuta mshipi ukiwa umelegea. Besi hufyonza chambo, hakiumi, na unachosikia ni mguso mdogo, "tk", au mshipi unaanza kwenda pembeni bila sauti. Shusha ncha ya fimbo imwelekee, zungusha rili upesi mpaka ulegevu uishe, ndipo upige juu kwa mikono miwili. Ukivuta papo hapo unatumia nguvu yote kukaza mshipi, hakuna inayofika kwenye ndoano.

La nne ni fundo. Kwa mshipi wa kusukwa tunapendekeza Palomar. Kunja sentimita 15 za mshipi ziwe mbili, pitisha kitanzi hicho kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kulikaza, halafu pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi. Lilowanishe kwa mate, vuta ncha zote mbili pamoja, bakiza milimita 3. Ukilikaza likiwa kavu, msuguano huunguza mshipi. Fundo la kuzungusha mara tano alilozoea kila mtu ni zuri kwa nailoni, lakini kwenye mshipi wa kusukwa huteleza hadi likafunguka.

Kuhusu kunasa: usiivute fimbo ikiwa imepinda, unazidi kuizamisha ndoano kwenye mti. Legeza mshipi, peleka mashua upande wa pili wa tawi, tikisa. Ikishindikana, zungushia mshipi kwenye kipande cha mti (kamwe usizungushe mkononi, unakata vidole) uvute ukiwa umenyoosha fimbo. Kila baada ya kunasa, pitisha vidole kwenye mita ya mwisho ya mshipi. Ukisikia mahali pamechakaa, kata nusu mita ufunge upya. Samaki wakubwa wengi hupotea kwa uvivu wa kazi hii ya dakika moja.

Mto Malewa ukileta matope, nibadilishe rangi? Dukani kuna rangi 40.
*Baba Njeri, Naivasha mjini*

Rangi 3 zinatosha. Maji yakiwa maangavu, kijani iliyochanganyika na kahawia. Yakiwa tope, nyeusi na buluu, kwa sababu kivuli cheusi ndicho kinachoonekana kwenye maji machafu. Ya tatu ni kahawia yenye wekundu, tutaeleza sababu.

Lakini kwenye tope, kabla ya rangi, badilisha mtikisiko. Besi ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mawimbi ya maji, na macho yakishindwa anawinda kwa huo. Chambo chenye kijiko cha kuzunguka kiwe na kijiko cha duara, ambacho hupiga maji kwa nguvu hata kikivutwa polepole. Kijiko chembamba kama jani hung'aa sana ila hutikisa kidogo, hicho ni cha maji maangavu. Gramu 10 hadi 14, ukivute taratibu kikigusa mashina ya mafunjo. Chambo kinachopita mita moja kutoka samaki kwenye tope ni kama hakikupita.

Ile kahawia yenye wekundu ni ya kuiga kamba wa Louisiana (kamba wa maji baridi mwenye makucha), walioingizwa Naivasha mwaka 1970 na ambao besi wakubwa huwala. Jigi (ndoano yenye kichwa cha risasi) ya gramu 10 yenye sketi ya nyuzi na makucha ya mpira ndiyo inayowaiga vizuri. Watu wengi huiharibu kwa kuivuta kama samaki. Kamba hutembea chini, na akishtuka huruka kinyumenyume kisha hutulia. Iache ifike chini, ikokote nusu mita, isimamishe ukihesabu hadi 5, ipige kidogo, isimamishe tena. Mara nyingi samaki huichukua inapokuwa imetulia, kwa hiyo usiondoe macho kwenye mshipi. Yupo pia samaki wa plastiki mwenye kidevu cha kuzamia, rangi ya ngege. Huyo ana ndoano za ncha tatu: usipige kwa nguvu, endelea kuzungusha rili na kuinamisha fimbo pembeni tu, la sivyo utazing'oa.

Chura wa mpira anavutia sana, lakini nakosa samaki wote. Kwa nini?
*S.A., Nakuru*

Unapiga ukisikia maji yanaruka. Besi akimpiga chura juu ya majani, mara nyingi huwa bado hajamshika barabara. Ngoja usikie uzito wa samaki kwenye fimbo, hesabu moja, ndipo upige. Angalia pia kama chura amejaa maji: mkamue kila baada ya mitupo michache, kwani akiwa mzito hukaa makalio chini na ndoano zake huzama ndani ya mpira. Hapa ndipo mshipi wa kusukwa wa ratili 50 hauna mbadala. Nailoni huvutika, na samaki atakuwa ameshajisokota kwenye mizizi kabla nguvu yako haijamfikia.

Nipo Dallas, Texas. Maji ya bwawa la karibu ni maangavu na besi wanakifuata chambo bila kukila. Nifanyeje?
*Msomaji wa ughaibuni*

Punguza kila kitu. Florokaboni ya ratili 8, ndoano ndogo namba 1 au 2, mnyoo mwembamba wa sentimita 8 hadi 10. Funga ndoano kwa Palomar ukibakiza sentimita 40 za mshipi, pitisha mkia huo tena kwenye tundu la ndoano kutoka upande wa ncha ili ndoano isimame ikitazama juu, kisha ning'iniza risasi ya gramu 5 mwishoni. Risasi itulie chini, nawe utikise ncha ya fimbo bila kuisogeza. Mnyoo unacheza mahali pamoja mbele ya samaki. Ndoano hii iko wazi, kwa hiyo usipige: kaza mshipi tu.

Hakikisha leseni yako. Kwa jumla Texas huruhusu besi mdomo-mpana 5 kwa siku, kila mmoja asipungue inchi 14, lakini baadhi ya maziwa yana sheria yake. Lake Fork, kwa mfano, wenye urefu kati ya inchi 16 na 24 lazima warudishwe majini.

Saa ngapi ni bora, na viboko je?
*M.W., Nairobi*

Ingia ziwani mapambazuko na utoke kabla ya saa sita. Alasiri upepo wa Naivasha huinua mawimbi ambayo mashua ndogo haiyawezi, na mnyoo wa gramu 7 hausikiki tena kwenye mshipi uliopeperuka. Kodi nahodha anayejua viboko wanalala wapi, na usikatize kati ya kundi na maji ya kina wala kuingia kwenye vichochoro vyembamba vya mafunjo. Ukiona mapovu yanakuja kwa mstari, chambo kiache, mashua iondoke. Leseni ya uvuvi wa burudani unayo kabla ya kupanda, na jaketi la kujiokoa limevaliwa, halikaliwi.

Besi unayemrudisha majini mshike kwa mkono uliolowa, kidole gumba mdomoni na kiganja cha pili chini ya tumbo. Mkubwa akining'inizwa kwa taya peke yake akiwa ameinamishwa, taya huumia. Vipande vyote vya mshipi ulivyokata rudi navyo kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, hata vya sentimita 10. Mnandi na bata huvikanyaga ukingoni, miguu ikafungwa, na ndege aliyefungwa miguu kwenye mafunjo haonekani na mtu wa kumfungua.