Pete ya bibi: tanzanaiti au chupa?

SUALI: Asalaam aleikum, marehemu bibi kaniachia pete ina jiwe la buluu linaloelekea zambarau, sonara mmoja kanambia chupa tu. Ntajuaje kama tanzanaiti? (Msomaji, Chake Chake)

JAWABU: Waaleikum salaam dada, usivunjike moyo. Kwanza uliza bibi aliivaa toka lini, maana tanzanaiti imegunduliwa 1967 kule Mererani, Manyara, na dunia nzima inachimbwa hapo tu, kwa hiyo kama ni pete ya harusi ya 1955 basi sio.

Ikiwa ya baadae, toka nayo juani uigeuze geuze polepole, tanzanaiti upande huu buluu upande mwengine zambarau, ambazo hazijachomwa zina na wekundu wa kahawia, lakini chupa rangi ni ile ile popote utakapotizama. Yakuti buluu nayo hubadilika kidogo ila ngumu zaidi, kwa kipimo cha ugumu wa mawe cha 1 mpaka 10 ni 9, tanzanaiti ni 6 mpaka 7.

Tafadhali sana usilikwaruze kujaribu! Tafuta sonara mwenye refraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga, akisoma 1.69 mpaka 1.70, kipimo cha tanzanaiti, basi na mimi ntafurahi na wewe. Na usikubali litiwe mashine ya kusafishia ya mitetemo, linapasuka.